Maji Yanayoshika: Ute wa Wanyama kama Somo la Kutengeneza Vitu Vipya

Ute ni miongoni mwa vitu ambavyo tumelelewa tukivikimbia. Tunaupangusa puani kwa haya, tunausugua kwa jivu na limau mpaka uishe kwenye ngozi ya samaki, na tukiukuta unang'aa sakafuni asubuhi tunajua kwamba konokono alipita usiku, tunachukua ufagio na kitambaa. Mimi hufundisha kemia katika shule moja ya sekondari hapa Nairobi, na kadiri ninavyozidi kusoma habari za ute ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ni mojawapo ya vitu vilivyoundwa kwa ustadi mkubwa katika maumbile, na kwamba wahandisi wanaouchunguza leo katika maabara za Marekani na Ulaya wanafanya kazi ambayo sisi huku tuna kila sababu ya kuingia ndani yake.

Ute wa kawaida wa mnyama ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na katika aina nyingi maji hupita hata asilimia 95. Kinachobaki ni chumvi, mafuta kidogo, mabaki ya seli, na protini kubwa ziitwazo musini. Musini ina uti mrefu ambao pande zake zote zimeota minyororo mifupi ya sukari, na sukari hizo, ambazo nyingi hubeba chaji hasi, huvuta maji na kuyashikilia. Ncha za musini moja hufungana na ncha za nyingine kwa vifungo vya salfa, kisha minyororo hiyo mirefu hupitiana na kushikana kwa vifungo vingine dhaifu, ambavyo hukatika na kuungana upya wakati wote. Hapo hupatikana wavu uliojaa maji, ambao hauwezi kuitwa kimiminika kwa kuwa haumwagiki ovyo, wala hauwezi kuitwa yabisi kwa kuwa ukiusukuma vya kutosha utatiririka. Wanakemia hukiita kitu cha namna hiyo haidrojeli.

Ukibadilisha kidogo tu kiasi cha asidi, cha chumvi au cha kalsiamu ndani ya wavu huo, ute uliokuwa ukiteleza unaweza kunata, na uliokuwa mwepesi unaweza kukaza. Viambato havijabadilika sana. Kilichobadilika ni jinsi vinavyoshikana. Hiyo ndiyo hoja ninayotaka kuitetea hapa: nguvu ya ute imo katika mpangilio wake, na ndiyo maana wanaofanikiwa kuuiga ni wale wanaoiga mpangilio, hata wanapotumia viambato vingine kabisa.

Njia rahisi ya kuliona jambo hili kwa macho ni kumweka konokono juu ya kioo na kumtazama kutoka chini. Mvua za masika zikianza, konokono hujitokeza katika kila bustani ya mtaa wetu, na mimi huchukua mmoja au wawili na kuwapeleka darasani. Kupitia kioo, unyayo wa konokono huonekana umelazwa juu ya utando mwembamba wa ute, na ndani ya unyayo huo mistari myeusi na myeupe husafiri mfululizo kutoka mkiani kuelekea kichwani, mmoja ukifuata mwingine bila kukatika, ilhali mwili wenyewe unasogea mbele polepole pasipo sehemu yoyote kuonekana kunyanyuka. Ukikigeuza kioo kikawa wima, hateremki. Ukikipindua kabisa, haanguki, na bado anaendelea na safari yake.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, sasa hii ni gundi au ni mafuta?" Swali hilo ndilo hasa ambalo mwanabiolojia Mark Denny alilijibu mwaka 1980, alipochunguza ute wa koa mkubwa wa manjano anayeishi kwenye misitu ya pwani ya magharibi ya Marekani. Denny alionyesha kwamba ute huo ni vyote viwili kwa zamu. Mahali ambapo unyayo umetulia, mkazo ni mdogo, na ute hubaki yabisi yenye mnyumbuko inayomshikilia mnyama pale alipo. Mahali ambapo wimbi la misuli linapita, mkazo hupita kiwango fulani, wavu hukatika, na ute hugeuka kimiminika kinachoruhusu sehemu hiyo ya unyayo kusogea mbele. Wimbi likishapita, vifungo hujiunga tena na ute hurudi kuwa yabisi. Kwa hiyo chini ya mnyama mmoja, wakati mmoja, kuna sehemu zinazonata na sehemu zinazoteleza, na zote ni ute uleule. Denny alionyesha pia kwamba mwendo huu ni ghali kuliko kukimbia, kuogelea au kuruka, kwa sababu mnyama hutumia nishati nyingi kutengeneza ute anaouacha nyuma.

Mwaka 2005, kundi la Anette Hosoi katika chuo cha MIT huko Marekani lilieleza roboti lililoiunda kwa kufuata mwendo huo wa konokono, roboti iliyoweza kupanda ukuta na hata kutambaa ikiwa kichwa chini. Ute wa roboti hiyo haukuwa na musini hata chembe: ulikuwa maji yaliyochanganywa na udongo laini wa kiwandani uitwao Laponite. Udongo huo ukiwa ndani ya maji hujipanga ukawa wavu unaokatika kwa mkazo na kujiunga tena unapotulia, na hilo lilitosha. Huwa ninakaa sana juu ya mfano huu ninapofundisha, kwa kuwa wanafunzi hutarajia kwamba lazima kuwe na kemikali ya siri ndani ya konokono, kumbe udongo na maji vikipangwa vizuri vinaifanya kazi ileile.

Katika miezi ya kiangazi, hasa Januari na Februari, konokono wale wale hujifungia. Hurudi ndani ya gamba, hubandika mdomo wa gamba kwenye ukuta au shina, na kutandaza utando wa ute ambao hukauka ukawa mgumu. Nimewahi kumjaribu konokono mdogo aliyejibandika kwenye ukuta wa nyuma ya nyumba: nilipomvuta kwa vidole hakuachia, na niliogopa kwamba gamba litavunjika kabla ya gundi; nilipomdondoshea maji kidogo na kusubiri, utando ule ulilainika, ukawa ute tena, akaachia bila kuvutwa. Gundi yenye nguvu ambayo huachia pale tu unapotaka iachie ni kitu ambacho viwanda vimekitafuta kwa miaka mingi, kwa maana gundi kali nyingi tulizonazo hubandika mara moja na basi.

Mwaka 2019 Shu Yang na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitangaza gundi iliyotokana na wazo hilo. Walitumia polima (yaani molekuli ndefu yenye vipande vinavyojirudia) ya haidrojeli, iitwayo PHEMA kwa kifupi, ambayo imetumika kwa muda mrefu kutengenezea lenzi laini za macho. Ikiwa na maji huwa laini, huingia katika kila kitundu kidogo cha uso inapowekwa. Inapokauka hukaza ikiwa bado imeshika umbo la vitundu hivyo, pasipo kunywea na kujibandua. Vipande viwili vyenye ukubwa wa stempu ya posta vilimning'iniza mtu mzima mwenye uzito wa takriban kilo 87. Ukivilowesha, vinaachia. Hapa tena hakuna ute wa konokono uliokamuliwa. Kilichochukuliwa ni ule utaratibu wa kulainika, kujaza, kukauka na kushika.

Ninasema hivyo kwa msisitizo kwa sababu, ukitaja ute wa konokono katika jiji hili, watu wengi hufikiria krimu za uso zinazouzwa Dubois Road na River Road. Sina ugomvi na anayezipaka, na ninajua wapo wakulima wa Kenya wanaofuga konokono na kupata riziki yao halali kwa kuuza ute. Hata hivyo, naona tunapungukiwa tukikomea hapo, kwa kuwa tunakuwa tumenunua kiambato na kuliacha somo.

Somo lenyewe linaonekana kwa ukamilifu zaidi katika gundi ya majeraha. Yuko koa mdogo wa Ulaya aitwaye Arion subfuscus ambaye akiguswa na adui hutoa ute wa manjano unaokaza haraka na kumnatisha adui huyo. Andrew Smith wa chuo cha Ithaca, katika jimbo la New York, alitumia miaka mingi kuuchunguza ute huo na kuona kwamba una nyavu zilizounganishwa kwa msaada wa madini kama kalsiamu, ambazo huuwezesha kuvutika sana bila kukatika. Mwaka 2017 Jianyu Li, David Mooney na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha katika jarida la Science gundi ya kitabibu iliyojengwa kwa kufuata mpangilio huo.

Inafaa kuelewa shida waliyokuwa wakiitatua. Mwili wa mtu kwa ndani umelowa, unasogea kila sekunde, na ukiwa umejeruhiwa una damu. Gundi za upasuaji zilizokuwepo zilikuwa na kasoro mbili kuu: zile zenye nguvu, za jamii ya gundi kali tunazouziwa dukani, hukauka zikawa ngumu, huweza kudhuru seli, na hazishiki vizuri mahali penye maji; zile zilizo salama kwa mwili, zinazotengenezwa kwa protini za damu, ni dhaifu na hubanduka. Daktari wa upasuaji hubaki na nyuzi na pini, ambazo zenyewe hutoboa sehemu anayotaka kuiziba.

Gundi ya Harvard ina tabaka mbili. Tabaka ya kwanza, ile inayogusa mwili, ni polima yenye chaji chanya, kama vile kitosani, ambayo hutokana na magamba ya kaa na kamba. Kwa kuwa sehemu nyingi za nje ya seli na tishu zina chaji hasi, polima hiyo huvutwa nazo. Hujiunga nazo pia kwa vifungo vya kemia vya kudumu. Na minyororo yake hupenya kidogo ndani ya tishu na kujifunga humo. Tabaka ya pili ni haidrojeli yenye nyavu mbili zilizopitiana. Wavu mmoja ni wa aljineti, polima inayotokana na mwani wa kahawia, ulioshikanishwa kwa ayoni za kalsiamu, yaani chembe zake zenye chaji, na wavu wa pili ni wa polima ya kiwandani iliyoshikanishwa kwa vifungo imara. Gundi ikivutwa, vifungo vya kalsiamu ndivyo vinavyotangulia kukatika, na kwa kukatika huko humeza nishati ambayo ingeirarua gundi yote, huku wavu wa pili ukilihifadhi umbo. Mvuto ukiisha, kalsiamu hurudi na kushikanisha tena sehemu kubwa ya vifungo vilivyokatika.

Watafiti hao waliibandika gundi yao juu ya ngozi, ini na moyo wa nguruwe, hata pale palipopakwa damu, nayo ikashika kwa dakika chache. Waliziba tundu kwenye moyo wa nguruwe, kisha wakaujaza na kuupunguza moyo huo makumi ya maelfu ya mara, na kiraka hakikuvuja. Katika panya, ilizuia damu ya jeraha la ini kwa kiwango kilicholingana na bidhaa ya kuzuia damu inayotumika hospitalini. Ukisoma orodha ya viambato vyake, yaani magamba ya kaa, mwani, kalsiamu na polima ya kawaida, huoni kitu ambacho mkemia hakukijua kabla. Kilichokosekana miaka yote hiyo ni mtu wa kumtazama koa kwa makini.

Niongeze hapa jambo dogo kwa wasomaji wa Pwani, kwa kuwa huulizwa mara kwa mara: mwani unaolimwa na akina mama wa Kibuyuni kule Kwale ni wa jamii ya mwani mwekundu, na polima inayotoka humo huitwa karajini. Hautoi aljineti. Lakini karajini nayo hutengeneza jeli, na nyingine hushikanishwa na ayoni vilevile, kwa hiyo mwanafunzi anayetaka kujifunza jinsi nyavu za haidrojeli zinavyofanya kazi anaweza kuanza na mwani wetu bila kuagiza chochote kutoka ng'ambo.

Nikihama kutoka bustanini kwenda sokoni, mwalimu wangu mwingine wa ute ni mama mmoja anayeniuzia samaki Gikomba. Huwa hanionyeshi jicho la samaki wala shavu kwanza. Hupitisha kidole ubavuni na kukinyanyua ili ute uonekane ukivutika. "Mwalimu, ukiona ute umekuwa mweupe na mzito, huyo muache. Huyu angalia, ngozi yake inaonekana vizuri." Anachokisema kina msingi. Samaki aliye hai huvaa ute mpya wakati wote, na ndani yake mna vimeng'enya na protini za kinga zinazopasua bakteria. Samaki akishakufa, ulinzi huo hukoma, bakteria huongezeka na ute hubadilika rangi na harufu. Aliponiambia kwamba kambare na kamongo ndio wanaomchosha zaidi kuwasafisha, kwa kuwa utelezi wao hauishi, nilimwambia, "Mama, huo utelezi ndio uliomfanya kamongo awe kamongo."

Kamongo ana mapafu, na jamii yake kadhaa katika Afrika huweza kustahimili ukame kwa kujifukia matopeni, kujikunja, na kutoa ute mwingi unaokauka ukawa ganda linalomzunguka lote isipokuwa njia ya kupumulia. Ndani ya ganda hilo anaweza kukaa miezi mingi, hata miaka, akingoja mvua. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba ganda hilo ni ute mkavu tu unaozuia maji yasipotee. Mwaka 2021 watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha New Mexico, waliomchunguza kamongo wa Afrika Magharibi, walieleza kwamba lina seli hai za kinga ambazo hutoa nyuzi za kunasa bakteria. Ganda lile, kwa hiyo, ni ngozi ya pili iliyo hai, inayopigana na maradhi wakati samaki mwenyewe amelala. Anayetengeneza bandeji kwa ajili ya vidonda vya moto angefaa kuusoma utafiti huo mara mbili, kwa sababu kidonda cha moto kinahitaji mambo yaleyale mawili: maji yasipotee, na vijidudu visiingie.

Bahari yetu ina mfano unaokaribiana na huo. Pono, ambaye Waswahili wamemfanya kipimo cha usingizi mzito, katika baadhi ya jamii zake hulala usiku ndani ya mfuko wa ute anaoutoa karibu na mashavu yake. Lexa Grutter na wenzake walifanya jaribio katika Lizard Island, Australia, na kulichapisha mwaka 2010: waliwaondoa baadhi ya pono kutoka kwenye mifuko yao bila kuwaamsha, wakawaacha wengine ndani, kisha wakawaletea vidudu vya baharini vinavyofyonza damu. Zaidi ya asilimia 90 ya pono waliokosa mfuko walishambuliwa, ilhali kwa wale waliokuwa na mfuko ilikuwa takriban asilimia 10. Watafiti wenyewe waliuita mfuko huo chandarua cha bahari, na kwa mtu aliyekulia nchi yenye malaria sioni jina linalofaa zaidi. Ni kizuizi kinachoruhusu maji na hewa iliyomo kupita, kinawazuia wadudu, na asubuhi huachwa kiyeyuke.

Ute ulio wa ajabu kuliko wote nilioyasoma habari zake ni wa samaki wa kilindini aitwaye hagifishi, asiye na taya, ambaye hapatikani sokoni kwetu. Papa akimuuma, huachia kiasi kidogo cha ute mzito ambao hukutana na maji ya bahari na, kwa chini ya nusu sekunde, hupanuka mara 10,000 hivi, ukaziba mashavu ya papa hadi amteme. Siri imo katika nyuzi. Pamoja na musini, tezi zake hutoa seli ambazo kila moja ina uzi mmoja wa protini wenye urefu wa sentimita 10 hadi 15 na unene wa mikromita moja hadi tatu, uliozungushwa ndani ya seli kwa mpangilio ambao huufanya ufunguke bila kufungana mafundo. Douglas Fudge, ambaye ameutafiti ute huu kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba nyuzi hizo zikivutwa hupata uimara unaokaribia ule wa hariri ya buibui. Mwezi Julai 2017, lori lililobeba tani tatu na zaidi za hagifishi hai lilipata ajali katika barabara kuu ya 101, jimbo la Oregon, na magari kadhaa yakafunikwa na ute mzito ulioondolewa kwa mashine. Mwaka huohuo, watafiti wa jeshi la majini la Marekani walitangaza kwamba wamezitengeneza protini za uzi huo kwa kutumia bakteria waliopandikizwa jeni za hagifishi. Kinachonivutia ni kwamba uzi wa hagifishi hautokani na mafuta ya petroli wala hauhitaji joto kali kutengenezwa, na nguo zetu nyingi za sintetiki zina asili hizo mbili.

Kinyonga wa pembe tatu, ambaye bado unaweza kumkuta kwenye ua wa michongoma katika mitaa ya Nairobi yenye miti, ana sehemu yake pia. Mwaka 2016 watafiti wa Ubelgiji walipima ute ulio kwenye ncha ya ulimi wa kinyonga na kukuta kwamba mnato wake ni takriban mara 400 ya mate ya binadamu, na hilo, pamoja na kasi ya ulimi, linatosha kueleza jinsi anavyovuta mawindo yenye uzito wa hadi karibu theluthi moja ya uzito wake.

Tukirudi kwenye miili yetu wenyewe, ndipo matumaini makubwa zaidi yalipo, na kwa maoni yangu ndipo Nairobi ina nafasi halisi. Ute wa mapafu, tumbo na njia ya uzazi huwaruhusu vijidudu vingi kuishi ndani yake, na bado huwazuia wasilete madhara. Katharina Ribbeck wa MIT na wenzake walionyesha mwaka 2019 kwamba minyororo ya sukari iliyo kwenye musini, hata ikitenganishwa na protini yake, huifanya bakteria iitwayo Pseudomonas aeruginosa izime jeni zake za kushambulia. Haiiui, inaituliza. Katika nyakati hizi ambapo hospitali zinapambana na bakteria wasiosikia dawa, njia ya kumnyang'anya bakteria silaha bila kumlazimisha ajifunze kuishinda dawa ni jambo la kufuatiliwa kwa bidii.

Kwa upande mwingine, ute huzuia hata dawa zetu, kwa kuwa hunasa chembe ngeni na kuziondoa. Mwaka 2007 kundi la Justin Hanes katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins lilionyesha kwamba chembe za nanomita 200 na 500, zikipakwa polima fupi isiyo na chaji na inayopenda maji, hupita kwenye ute wa mlango wa kizazi kwa kasi inayopungua mara chache tu ikilinganishwa na maji matupu. Wazo hilo lilifikia dawa ya macho iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018. Na mwaka 2022, watafiti wa taasisi ya KTH huko Stockholm walieleza jeli ya kulainisha waliyoitengeneza kwa musini kutoka tezi za mate za ng'ombe, ambayo katika majaribio ya maabara ilizuia virusi vya Ukimwi kwa takriban asilimia 70 na virusi vya malengelenge (herpes) kwa takriban asilimia 80. Hayo ni majaribio ya maabara, bado si kinga ya kumwambia mtu aitegemee. Lakini nchi ambayo imeishi na Ukimwi kwa miaka yote hii haiwezi kuisoma habari hiyo ikapita.

Tezi za mate za ng'ombe tunazo. Dagoretti kuna vichinjio vinavyochinja ng'ombe kila siku, na Ndumbuini kuna kichinjio cha nguruwe, ambaye tumbo lake ndilo chanzo kikuu cha musini inayotumiwa na maabara duniani. Hata hivyo, asidhani mtu kwamba inatosha kukwangua matumbo na kuuza. Musini ya nguruwe inayouzwa kama unga na kampuni za kemikali hupitishwa katika hatua ambazo hukatakata uti wake, na watafiti wamekuta mara nyingi kwamba haiwezi tena kutengeneza jeli inapowekwa katika asidi, jambo ambalo musini isiyoharibika hulifanya yenyewe. Viambato vyote vimo, sukari zimo, protini imo, ila urefu wa minyororo na ncha zake vimeharibika, kwa hiyo wavu haupatikani. Maabara zinazotaka musini yenye uhai wake hulazimika kuitayarisha zenyewe: tumbo huoshwa taratibu, ute hukwanguliwa ukiwa ungali baridi, huyeyushwa katika maji ya chumvi yenye vizuizi vya vimeng'enya ili protini isikatwe, huzungushwa kwenye mashine ya kutenganisha kwa kasi, kisha hupitishwa katika safu inayochuja molekuli kwa ukubwa.

Vifaa vya kazi hiyo si vigeni kwa idara ya baiokemia ya chuo kikuu, na wataalamu wa kuvitumia tunawafundisha hapa hapa. Kinachohitajika zaidi ni kasi na baridi: tumbo lifike mezani kabla vimeng'enya vyake havijaanza kuula wavu. Kutoka kichinjio cha Ndumbuini hadi kampasi ya mifugo ya Kabete ni mwendo mfupi wa gari, na sanduku la barafu linatosha kwa safari hiyo.